Gitaa la babu halina jina kichwani, kaka anasema ni Höfner: jee ni kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Wete, nalifupisha:

"Fundi, assalaam alaykum. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpigaji gitaa kwenye kikundi cha taarab hapa Wete zamani. Gitaa lake tumelikuta juu ya kabati. Lina matundu mawili kama ya fidla, kahawia pembeni manjano katikati, kichwani hamna jina, pamebaki kivuli tu. Kaka yangu anasema ni Höfner kama la Beatles, anataka alipige rangi, abadilishe mashine za nyuzi kisha aliuze. Mimi nimechungulia ndani kwa tochi ya simu nikaona pembetatu ina namba 1, na maneno EVP, halafu tarakimu zimefutika, halafu MDN. Ubavuni pana tundu la duara lenye vitundu vitatu, waya wa spika wa kawaida hauingii. Mashine za nyuzi zinakaza kwa shida, mgongo umeachia kidogo pembeni, na pale shingo inapokutana na tumbo pana vitundu vidogo vya wadudu. Nimekutumia na picha. Jee, hili ni gitaa gani na tulifanyeje?"

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wetu. Picha zako nimeziangalia zote, na ile uliyopiga kwa kupitisha simu kwenye tundu la chini ndo iliyonipa jibu. Nakujibu kwanza kisha nieleze: sio Höfner, ile kampuni ya magitaa ya Ujerumani Magharibi. Ni gitaa la Ujerumani Mashariki, ile DDR, limetoka upande wa mji wa Markneukirchen na vijiji vyake, bei yake imegongwa muhuri kati ya Agosti 1964 na mwisho wa 1967, na lilinunuliwa dukani hukohuko Ujerumani Mashariki, halikuja Zanzibar kama mzigo wa biashara. Jina lililokuwa kichwani bado tutalitafuta na nitakwambia pa kuangalia, lakini hayo niliyotaja nayasimamia. Kwaiyo mwambie kaka yako brashi aiweke chini kwanza, tena leo, kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na muhuri. Watu wengi wakiletewa gitaa la zamani wanakimbilia kichwani kusoma jina, na kichwa ndo sehemu inayodanganya kuliko zote, nitakuja huko. Wewe umechungulia tumboni, umefanya vizuri sana. EVP ni bei ya kumuuzia mteja dukani. DDR bei ilipangwa na serikali, kitu kilekile kiliuzwa bei ileile nchi nzima, na bei hiyo mara nyingi iligongwa kwenye kitu chenyewe, redio, kamera, vyombo vya jikoni, mpaka ala za muziki. Sasa hiyo MDN inayofuata ndo dhahabu yetu, mana pesa ya kule ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja. Mpaka katikati ya 1964 walikuwa wakiandika DM. Tarehe 1 Agosti 1964 ikawa Mark der Deutschen Notenbank, kwa kifupi MDN, na tarehe 1 Januari 1968 ikageuzwa tena ikawa M peke yake. Muhuri wa MDN kwaiyo una dirisha la miaka mitatu na ushei basi, sio kabla, sio baada. Gitaa lenyewe linaweza kuwa lilikaa dukani mwaka mmoja au miwili baada ya kugongwa ndo likanunuliwa, hilo linawezekana, lakini halikutoka kiwandani mwaka 1955 na halikutoka mwaka 1975. Ni magitaa machache sana ya umri huo yanayokupa tarehe ya wazi namna hiyo, wenye magitaa ya Kimarekani ya Gibson na Fender wenyewe wanahangaika na namba za potenshometa, kile kifaa cha ndani cha kuongeza na kupunguza sauti, ili wapate mwaka.

Pembetatu yenye 1 ni alama ya ubora ya serikali ya DDR, kitu kimepimwa kimepewa daraja la kwanza. Hiyo peke yake isingenipa mji, lakini inafunga mlango wa Ujerumani Magharibi moja kwa moja, na Höfner ni ya Magharibi.

Halafu angalia jambo ambalo mimi limenifurahisha khasa. Magitaa yaliyotengenezwa kwa kuuzwa nje yalipitia kampuni ya serikali ya biashara ya nje, Demusa, pale Klingenthal, na hayo hayakuhitaji bei ya dukani ya ndani, yaligongwa nchi yalikotoka kwa Kiingereza ili yapite forodha. Lako lina bei ya ndani kwa pesa ya ndani na halina neno hata moja la Kiingereza. Maana yake mtu aliingia dukani Leipzig, au Berlin, au mji wowote wa kule, akalipa kwa pesa yao, akalibeba mkononi mpaka huku. Na ukifikiria miaka yenyewe inaingia barabara: Mapinduzi Januari 1964, Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka huohuo, wataalamu wao wakaja, zile nyumba za Kikwajuni na Kilimani zikajengwa kwa msaada wao, na vijana wetu wakapelekwa kule kusoma. Gitaa lako limekuja na mmoja wa watu hao, mwanafunzi aliyerudi au Mjerumani aliyekuja kufanya kazi akaliacha. Kaulize kwa wazee nani kwenu au kwenye kikundi alisoma Ujerumani au alifanya kazi na Wajerumani, na uliza sasa hivi wakati wanaoweza kukujibu wapo, mana jibu la swali hilo halipo kwenye mbao.

Sasa kaka yako. Mimi simlaumu, mana mtu yeyote akitazama picha yako kwa mbali atasema Höfner, na kuna sababu yake. Pale mpakani mwa Ujerumani na Bohemia, nchi ya Wacheki, kuna bonde zima la mafundi wa ala za muziki. Upande mmoja mji wa Markneukirchen, ambao mafundi fidla wake walianzisha chama chao mwaka 1677, na upande wa pili, mwendo mfupi tu, mji wa Schönbach. Christian Friedrich Martin, yule wa magitaa ya Martin ya Marekani, alizaliwa Markneukirchen mwaka 1796 akahamia New York 1833, kwaiyo hata gitaa la Marekani mizizi yake iko palepale. Karl Höfner yeye alianza kazi Schönbach mwaka 1887. Vita vilipokwisha 1945, Schönbach ikarudi Chekoslovakia, Wajerumani wakafukuzwa, mji ukabadilishwa jina ukaitwa Luby. Mafundi wengi wakaenda Bavaria wakajenga upya pale Bubenreuth, Höfner akiwemo. Wenzao wa Markneukirchen hawakuhama, ila wakajikuta upande wa Warusi, na baadae ndani ya DDR. Yani ni mafundi wa bonde moja, wengine ndugu wa damu, kalibu zilezile, namna moja ya kukunja mbao za ubavu, wametenganishwa na mpaka wa siasa. Ndo mana magitaa yao yanafanana mpaka unababaika.

Kwaiyo usitumie vitu vinavyofanana kutofautisha. Kile kichwa kilichofunikwa plastiki inayong'aa kama lulu, pande zote mbili walikuwa nacho. Freti ya sifuri, ile freti ya ziada palepale karibu na mfupa wa juu ambayo kaka yako ameitaja kuwa ndo alama ya Höfner, karibu Wajerumani wote waliitumia, na Waitaliano, na Wajapani. Mkia wa chuma unaoshika nyuzi mwishoni mwa tumbo, hivyohivyo.

Angalia vinavyotofautiana. Kwenye picha ya kisigino cha shingo, pale inapokutana na tumbo, naona kichwa cha bolti. Höfner za aina hii shingo imeshikwa kwa gundi ndani ya mwili, hamna bolti. Mashariki walipenda sana shingo ya bolti, mana unaweza kuinamisha shingo kidogo ukarekebisha urefu wa nyuzi bila kufungua gundi. Pili, Höfner zilizouzwa Uingereza kupitia Selmer, muuzaji wa ala wa London, zile President, Senator na Committee, zina karatasi ndani yenye jina na namba, unaisoma kupitia tundu la juu. Karatasi ikianguka huacha alama ya mstatili, mbao chini yake inabaki nyeupe kuliko pembeni. Kwako hapo mbao ni rangi moja, hapajawahi kubandikwa kitu. Tatu ni hilo tundu lako la vitundu vitatu. Hiyo ni soketi ya DIN, kiwango cha Kijerumani, ndo soketi ileile iliyokuwa nyuma ya redio kaseti za zamani za Kijerumani. Gitaa lililotengenezwa limlenge mpigaji wa London kwa kawaida linakuja na tundu la jeki kubwa, la kwako limelenga mtu mwenye amplifaya ya Kijerumani nyumbani. Na kwa kuwa tundu limekatwa vizuri, limezungukwa na sahani yake ya chuma na rangi haikuvunjika pembeni, hilo limetoka nalo kiwandani, hakulitoboa fundi redio wa Wete.

Na hilo la Beatles, kile kikundi cha Waingereza cha kina Paul McCartney, George Harrison na John Lennon, niliweke sawa mana linasumbua watu wengi. Höfner ya Paul McCartney ni besi, ile yenye umbo la fidla, aliinunua Hamburg mwaka 1961. Besi ina nyuzi nne, la babu yako lina sita. Kabla ya hapo McCartney huyohuyo alikuwa na Rosetti Solid 7, na Rosetti ni jina la muuzaji wa Uingereza, gitaa lenyewe ni Egmond la Uholanzi. George Harrison mwaka 1959 alinunua Futurama, jina hilo pia walilibandika Selmer wa London, mtengenezaji ni Mcheki, kule kwao gitaa liliitwa Resonet Grazioso. Na gitaa la mwanzo la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion, la Afrika Kusini, la kampuni ya Gallo iliyokuwa pia ikitoa sahani za santuri, na ndani liliandikwa kwamba limedhaminiwa halitapasuka. Kwaiyo hata hao Beatles wenyewe walianza na magitaa ambayo leo mtu akiyaona Darajani atauliza hii nayo ni kampuni gani.

Hapo ndo nilipokuwa nataka kufika kuhusu kichwa kinachodanganya. Miaka ya hamsini na sitini jina la kichwani mara nyingi ni la muagizaji. Antoria kwa mfano, ambalo Hank Marvin wa The Shadows, kikundi kingine cha Waingereza, alilipiga kabla hajapata Fender yake ya 1959, hakuna kiwanda kinachoitwa Antoria, ni Guyatone la Japani lililobandikwa jina hilo na muagizaji wa Leeds. Teisco nalo, lililoanzishwa Tokyo 1946, limeuzwa kwa majina mengi kulingana na nani kaagiza na auze wapi. Ukilitafuta jina kama jina utazunguka mwaka mzima. Mbao, bolti, soketi na muhuri havibadilishwi na muagizaji, hivyo ndo vya kusomwa.

Na upande wa Markneukirchen jambo hili lina uzito wake wa pekee, mana kule hata mtengenezaji mwenyewe si mmoja. Kulikuwa na Musima, kiwanda cha serikali kilichoundwa 1953, kikubwa kuliko vyote, kilitoa kila kitu mpaka magitaa ya umeme ya ubao mzima kama Elektrina, na kikaendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 ndo kikafa. Kulikuwa na Migma, ushirika wa mafundi tangu 1943, wanaofanya kazi majumbani mwao na ushirika unawauzia. Na kulikuwa na karakana ndogondogo za binafsi zilizobaki mpaka serikali ilipozitaifisha mwaka 1972. Tangu zamani za mababu zao bonde lile kazi imegawanywa, huyu anachonga shingo tu, yule anakunja ubavu, mwengine anafanya mashine za nyuzi, kama mlango wetu wa Mji Mkongwe ambao mchonga nakshi siye afuaye misumari ya shaba. Ndo mana mwili mmoja unaweza kuukuta na majina matatu tofauti kichwani, na yote yakawa ya kweli. Mtu akikwambia kwa kuangalia picha ya mbele tu kwamba hili ni Musima kwa yakini, usimuamini haraka. Kwa nilivyoona, umbo la mkia na ile sahani ya mashine vinanivuta kwenye Musima, lakini nataka tuone kivuli cha jina kwanza.

Kile kivuli kichwani usidhani mtu alikwangua kwa makusudi. Nimeikuza picha yako, hapana mikwaruzo ya kisu. Majina ya aina ile yalikuwa ya kubandika kwa maji, karatasi nyembamba kabisa juu ya rangi, na mkono wa mpigaji unapopanda kukaza nyuzi kila siku, na jasho letu hili la mwambao, yanaondoka polepole mpaka yanakwisha. Lakini yakiondoka huacha alama, mana vanishi iliyokuwa chini ya jina haikupigwa na mwanga sawa na ya pembeni. Fanya hivi. Usiku, zima taa zote, shika tochi ilale kabisa ubavuni mwa kichwa, mwanga upite juu ya uso wake ukienda sambamba nao, usimulike kutoka juu. Zungusha tochi polepole pande zote nne huku mwenzio anapiga picha. Mstari wowote uliozama au ulioinuka utatoa kivuli. Ukishindwa hapo, nenda duka la kubadilisha fedha ukawaombe wakuwashie ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, na uombe pazia lifungwe kidogo. Vanishi ya zamani chini ya taa ile inatoa mng'ao wa manjano au kijani, na pale palipofunikwa na jina patatofautiana. Huo ndo uchunguzi wanaofanya mafundi wakubwa wa Ulaya, wewe utaupata Chake Chake kwa kuomba tu kwa adabu. Na taa hiyohiyo ikuoneshe kama mwili umewahi kupigwa rangi tena, mana rangi mpya haing'ai kama ya zamani.

Kisha chungulia ndani tena kwa simu, safari hii tafuta maandishi ya penseli. Mafundi waliandika namba au herufi kwenye mgongo kwa ndani, au kwenye ile gogo ya mbao shingo inapofungwa. Legeza nyuzi zote kwanza, kisha inua mkia uangalie chini yake, mara nyingi pale rangi ni mpya kama siku ya kwanza na muhuri uliojificha umesalimika. Bolti ya shingo usiifungue mwenyewe, hiyo niachie mimi au fundi anayejua, mana uzi wake ukila mbao imekwisha.

Sasa tulifanyeje. Rangi, hapana kabisa. Hapa nasema kwa ukali kwa sababu ninaletewa magitaa yaliyopigwa rangi ya milango, nyeusi tititi, na hapo tena hamna tochi wala taa ya zambarau itakayokusaidia, jina limekwenda na nusu ya sauti imekwenda nayo, mana rangi nzito inaukaba uso wa gitaa usitikisike. Mashine za nyuzi vilevile usitupe. Hizo ni tatu tatu kwenye sahani moja, ukiweka mpya za kisasa lazima utoboe matundu mengine. Zinakaza kwa shida kwa sababu zimekauka na chumvi ya bahari imeingia. Mswaki laini mkavu, halafu tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gurudumu, zungusha, futa, acha siku, rudia. Ikiwa jino limevunjika hapo tutazungumza.

Umesema mgongo umeachia kidogo pembeni. Usiogope na usitie supagluu, wala epoksi, wala ile gundi nyeupe ya seremala. Magitaa haya yameshikwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo inalainika kwa unyevu na joto, na masika yetu yana vyote viwili. Uzuri wa gundi hii ni kwamba ukiipasha upya inashikana na ile ya zamani, mshono unarudi kama ulivyokuwa. Ukishatia supagluu hiyo njia imefungwa, fundi atakaekuja itabidi apasue mbao. Gundi yenyewe ukikosa Pemba mimi ninayo.

Juu ya kabati chini ya bati lishuke leo, joto la pale mchana ni adui. Wala usilifunge kwenye mfuko wa nailoni ukidhani unalilinda na vumbi, unyevu unabaki ndani na ile plastiki ya zamani inahitaji hewa. Ile sahani ya plastiki iliyo chini ya nyuzi, na huenda na ule mkanda wa pembeni, kwa magitaa ya umri huu mara nyingi ni seluloidi. Ikianza kuoza inatoa jasho na harufu kali, na mvuke wake unakula chuma kilicho karibu, ndo utaona skrubu za jirani zimeota kutu ya kijani wakati za mbali ziko safi. Kama unaisikia harufu hiyo, ifungue uiweke mbali kwenye bahasha ya karatasi, usiitupe. Na seluloidi inashika moto upesi sana, kwaiyo fundi redio asipeleke pasi ya risasi karibu nayo, wala mtu asiichungulie kwa kibiriti.

Vile vitundu vidogo vya wadudu kwenye kisigino, lilaze gitaa juu ya kitambaa cheusi usiku mmoja au miwili, kisha gonga taratibu. Ukiona unga mpya umeanguka wadudu bado wamo na uniambie kabla ya kufanya jengine lolote. Kama hamna unga, walishaondoka, acha.

Tundu la DIN msilibadilishe. Mafundi wa redio wa zamani wanazo plagi zake kwenye makopo yao. Kata waya wa gitaa wa kawaida, upande mmoja ubaki jeki, upande wa pili fundi achomelee plagi ya DIN: pini ya katikati ndo ardhi, yani ule waya wa wavu, na sauti iko kwenye moja ya zile za pembeni, ajaribu moja kisha nyengine. Pikapu za aina hii mara nyingi zinafufuka kwa kusafisha vile vitundu tu. Mjaribu kwa sauti ndogo.

Nyuzi, msifunge nzito. Shingo za wakati ule, nyingi hazina chuma cha kukaza kama za sasa, na hii imekaa miaka bila mvuto. Chukua seti ya 10, yani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010, ya chuma, anza kwa kukaza nusu sauti chini ya kawaida, acha wiki. Kila siku bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, utazame katikati pana nafasi kiasi gani. Ikiwa nafasi inaongezeka kila siku, legeza na unijulishe.

Kuhusu kuuza. Höfner ya miaka ile ya modeli za juu ina bei yake ulimwenguni na hili haliifikii, lazima niwe mkweli kwenu. Lakini magitaa ya Markneukirchen yana watu wao, khasa Ujerumani kwenyewe, wanaoyatafuta na wanaojua kuyasoma, na mtu huyo atalipa zaidi kwa gitaa lenye rangi yake, mashine zake, soketi yake na muhuri wake, kuliko lililong'arishwa. Kaka yako akilitangaza kama Höfner, mnunuzi wa kwanza anayejua atachungulia tundu la chini, atasoma MDN, na hapo mtakuwa mmeuza jina la babu yenu kwa uongo. Msifanye hivo. Mkitaka kuliuza uzeni kwa jina lake la kweli, na muhuri muupige picha vizuri muuoneshe.

Mimi kama ningekuwa na usemi kwenye familia yenu ningesema lisiondoke Pemba mpaka mumepata picha ya kikundi ambayo mzee kalishika. Waulizeni wapigaji wenzake walio hai, au watoto wao, picha za vikundi vya taarab za wakati ule watu wanazo kwenye maalbamu majumbani. Ukiipata nitumie, mana nataka kuona kitu kimoja ndani yake: kama jina bado lilikuwepo kichwani siku ile, na picha ikiwa kali, tutalisoma hapohapo bila taa ya zambarau. Pamoja nayo nitumie picha ya nyuma ya kichwa, ya kisigino kutoka chini, na za tochi ya ubavuni. Ukija Unguja na boti lije nalo gitaa, ulipakate, usilitie kwenye mizigo.